Shajara ya kicheza muziki cha kujitengenezea

Siku ya 1

Ukurasa wa kwanza wa daftari una sharti moja: kicheze nyimbo zangu, kisifanye kitu kingine chochote. Simu hucheza muziki vizuri, lakini wimbo ukiwa umekolea huingia ujumbe, ujumbe huzaa mwingine, na mkono uliochukua simu ili kubadilisha wimbo hukutwa bado umeishika dakika ishirini baadaye. Nataka kifaa cha kutosha kiganjani, chenye vitufe vya kubonyea ambavyo kidole kitavijua hata kikiwa mfukoni, na tundu la kuchomeka waya wa hedifoni.

Vilivyo mezani ni hivi: bodi ya ESP32 (kompyuta ndogo ya chipu moja), chipu ya PCM5102A ya kugeuza namba kuwa sauti, kisoma kadi ya microSD, kioo kidogo cha OLED chenye nukta 128 kwa 64, kikuza sauti cha hedifoni, betri ya lithiamu ya mAh 1,000, bodi ya kuchajia ya TP4056, vitufe vitano na bredibodi, ubao wa kuchomekea nyaya bila kulehemu. RP2040, chipu nyingine ya aina hiyo, nayo ingeifaa kazi hii, ila ina kumbukumbu ya KB 264, na ESP32 ina KB 520, viini viwili vya MHz 240, na njia ya I2S, ya kupitishia sauti ya namba kati ya chipu, iliyokwisha jengwa ndani.

Kabla ya kugusa waya nimepiga hesabu. Sauti ya CD ni sampuli 44,100 kwa sekunde, kila moja biti 16, mara chaneli mbili: baiti 176,400 kila sekunde. MP3 ya kbps 128 ni baiti 16,000 tu kwa sekunde hiyohiyo. Kadi basi haitatoka jasho, atakayetoka jasho ni anayesimbua, yaani anayeigeuza MP3 kuwa sampuli za sauti. Fremu moja ya MP3, yaani kipande kimoja cha wimbo, hubeba sampuli 1,152, na ukizigawa kwa 44,100 unapata milisekunde 26 na kidogo. Namba hiyo nimeizungushia duara. Kila milisekunde 26 fremu nyingine lazima iwe tayari. Kioo kikichelewa mtu hatambui, kitufe kikichelewa anabonyeza tena, lakini sauti ikichelewa hata kidogo sikio linajua papo hapo.

Siku ya 2

Nyaya tatu za I2S: moja ya mapigo ya biti, moja ya kutenganisha kushoto na kulia, moja ya data. Nikaandika programu fupi ya kutoa mlio wa Hz 440. Kimya.

Nilikagua nyaya mara tatu kabla ya kuirudia karatasi ya maelezo ya chipu. PCM5102A ina pini ya nne, SCK, ya saa kuu. Ukiiunganisha na graundi, chipu inajitengenezea saa yake kutokana na mapigo ya biti. Yangu ilikuwa inaning'inia hewani, haijui ifuate nini. Nikaifunga kwa tone moja la risasi ya kulehemu, na mlio ukatoka, safi na mwembamba. Nimeusikiliza kwa muda mrefu kuliko mlio wa Hz 440 unavyostahili.

Siku ya 4

Jioni nzima imeenda kwenye bodi iliyojifanya mfu.

Niliunganisha kisoma kadi kwa SPI, njia ya nyaya ya kuwasiliana na vifaa kama kadi, nikachagua pini ya 12 kwa data inayotoka kwenye kadi, kwa kuwa michoro mingi huiweka hapo. Nikawasha: hakuna kitu. Programu haianzi, na kwenye kompyuta yanapita maandishi yaleyale ya kuanza upya, yanajirudia bila kikomo. Nikichomoa kisoma kadi bodi inafufuka, nikikirudisha inakufa. Nikabadilisha kadi, kisha nyaya, kisha kisoma chenyewe. Wapi.

Chanzo ni hiki, na wewe unayefuata njia hii kikuokolee jioni yako. ESP32 inapowaka, kabla ya kusoma hata mstari mmoja wa programu yako, huziangalia pini chache ili ijue ianzeje. Pini ya 12 ni mojawapo: ikiwa juu, ESP32 huamini kwamba chipu ya kuhifadhi programu inatumia volti 1.8, nayo kwenye bodi yangu inahitaji 3.3. Kisoma kadi kina rezista inayouvuta waya huo juu muda wote. Kwa hiyo kila nilipowasha, nilikuwa naiambia bodi ipunguze umeme wa kumbukumbu yake yenyewe. Nimeuhamishia waya pini ya 19. Bodi ikawaka mara moja, kadi ikasomeka.

Jambo jingine la leo: kadi ya SD huamshwa polepole. Mazungumzo ya kwanza lazima yawe chini ya kHz 400, ndipo unaongeza kasi. Nyaya zangu za bredibodi ni ndefu, nikafika MHz 20 ndipo makosa yakaanza. Nimebaki 16.

Siku ya 5

Wimbo wa kwanza.

Nimetumia Helix, programu ya kusimbua MP3 iliyotoka RealNetworks. Inafanya hesabu zake zote kwa namba kamili, na kumbukumbu inayoila ni kama KB 30. Imepachikwa bila ugomvi. Fremu ya kwanza ikasimbuliwa, ya pili, halafu gitaa likaanza masikioni mwangu. Nyaya zimetapakaa meza nzima, betri haipo, kitufe hakipo hata kimoja, na bado nilikaa nikausikiliza wimbo mpaka mwisho. Wimbo huu nimeusikia mara nyingi sana. Leo nilijua kila sampuli yake imepita njia gani.

Siku ya 6

Vitufe. Viwili kati ya vitano vilikuwa vinajibonyeza vyenyewe. Nilivipa pini za 34 na 35, nazo pini za 34 hadi 39 kwenye chipu hii ni za kuingizia tu na hazina rezista ya ndani ya kuvuta juu. Nimeongeza rezista mbili za kilohmu 10. Kwisha.

Siku ya 7

Nimeongeza kioo, na muziki umeanza kukatika.

Haukukatika kila wakati. Ulikatika mara moja kwa sekunde, kama mtu anayemeza mate katikati ya neno. Mara moja kwa sekunde ndivyo saa ya wimbo inavyobadilika kwenye kioo, kwa hiyo mshukiwa hakuwa mbali. Nikachukua kalamu. Picha nzima ya kioo ni nukta 128 mara 64, biti moja kila nukta: baiti 1,024. Kwenye I2C, njia ya nyaya inayobeba data hadi kioo, kila baiti husafiri kwa mapigo tisa, manane ya data na moja la kuitikia. Jumla mapigo 9,216. Kwa kasi ya kHz 400 hiyo ni milisekunde 23.

Ishirini na tatu, mbele ya ishirini na sita! Nilipokuwa nachora upya kioo kizima ili tu tarakimu moja ibadilike, nilikuwa nakula karibu muda wote wa fremu, na kusimbua bado hakujaanza.

Nimefanya mambo mawili. La kwanza: kiini kimoja cha ESP32 sasa kinashughulikia sauti peke yake, na kingine kimechukua kioo na vitufe. La pili: sichori upya kioo kizima tena. Kioo cha SSD1306 kimegawanywa katika mikanda minane ya baiti 128, na saa inakaa kwenye mkanda mmoja. Nikituma mkanda huo pekee, milisekunde 23 zinashuka hadi tatu hivi. Jambo moja kati ya haya lingetosha. Nimeyaweka yote mawili, kwa sababu kwenye sauti napenda kubaki na nafasi ya kupumua.

Siku ya 9

Kukatika kumerudi, safari hii bila mpangilio: mara mbili ndani ya dakika kumi, halafu kimya saa nzima, halafu tena.

Ni kadi. Kadi ya SD si mfereji unaotiririka kwa kasi moja. Ndani yake kuna kompyuta ndogo inayopanga na kutunza kumbukumbu, na kuna nyakati unaiomba data nayo iko kwenye shughuli zake. Kanuni za SDHC zinairuhusu ichelewe hadi milisekunde 100 kabla ya kujibu ombi la kusoma. Akiba yangu ya DMA, yaani sauti iliyokwisha simbuliwa inayosubiri kutumwa kwenye chipu ya sauti, ilikuwa vipande vinane vya sampuli 256, jumla 2,048, yaani milisekunde 46. Nilikuwa naishi kwa bahati.

Wazo la haraka lilikuwa kuikuza akiba hiyo ya sauti iliyokwisha simbuliwa. Nikalifanyia hesabu, nikaliacha. KB 16 za sauti iliyosimbuliwa ni chini ya sehemu moja ya kumi ya sekunde. KB 16 zilezile zikiwekwa kabla ya kusimbuliwa, zikiwa bado MP3, ni zaidi ya sehemu nne za kumi hata kwa faili ya kbps 320, na kwa kbps 128 zinafika sekunde nzima. Akiba ni ileile, muda unaonunua ni tofauti kabisa, na kinachoamua ni upande gani wa kisimbuzi umeiweka. Nimejenga bafa (akiba ya muda) ya mduara ya KB 32 kati ya kadi na Helix: kazi moja inajaza, nyingine inachota, na mjazaji anaamshwa nafasi ikifika KB 4.

Halafu nikaijaribu kwa ukatili. Niliweka kwenye programu usingizi wa makusudi wa milisekunde 300 kila baada ya kusoma mara hamsini. Haikukatika. Nikauondoa usingizi na kuiacha icheze usiku kucha huku ikihesabu kila mara bafa inapokauka. Asubuhi hesabu ilikuwa sifuri.

Siku ya 10

Leo nimejifunza kusoma namba za biti saba.

Nyimbo kadhaa zilikuwa zinaanzia katikati. Neno la kwanza halipo, wakati mwingine ubeti wote. Nilidhani faili zimeharibika, lakini kwenye kompyuta zilicheza vizuri tangu mwanzo. Zote zilikuwa na kitu kimoja: picha ya jalada ndani ya faili.

Faili ya MP3 mara nyingi huanza na lebo ya ID3, yenye jina la wimbo, msanii na pengine picha. Baiti kumi za mwanzo ni kichwa, na nne za mwisho kati ya hizo hutaja ukubwa wa lebo, ili msomaji airuke na kufika kwenye sauti. Nilizisoma kama namba ya kawaida ya biti 32. Kumbe kila baiti hapo hutumia biti saba tu, na biti ya juu ni sifuri daima. Mfano kutoka faili yangu moja: 00 02 10 00. Nilivyosoma mimi ni baiti 135,168. Inavyopaswa kusomwa ni 34,816. Tofauti ni baiti 100,352, ambazo kwa kbps 128 ni sekunde sita na ushee za muziki nilizokuwa nazirukia.

Kwa nini walipanga hivyo? Kwa sababu kila fremu ya MP3 hufunguliwa na biti 11 zote zikiwa moja, na biti ya juu ikiwa sifuri kila mahali, namba ya ukubwa haiwezi kamwe kufanana na mwanzo wa fremu. Kicheza muziki kisichoijua lebo hakitadanganyika hapo. Nimeipenda akili hiyo: aliyeipanga aliwafikiria hata wale ambao hawangesoma maelezo yake.

Picha yenyewe lakini haina adabu hiyo. Picha nyingi za JPEG hubeba mapema kabisa baiti FF E0, ambazo zina biti 11 za moja zilizofuatana. Kitafutaji changu kiliona hapo mwanzo wa fremu. Sasa kinakagua kichwa kizima cha baiti nne: toleo, tabaka, kasi, sampuli. Kisha kinapiga hesabu ya urefu wa fremu na kuruka mbele kuona kama kichwa kingine kipo pale kinapotarajiwa. Kisipokuwepo, kinaendelea kutafuta.

Siku ya 11

Nyimbo za albamu zilikuwa zimevurugika. FAT32, mfumo wa kupanga faili kwenye kadi, hairatibu majina. Hukupa faili kwa jinsi zilivyopangwa kwenye folda, ambayo kwa kawaida ni jinsi zilivyonakiliwa. Sasa napanga mwenyewe folda inapofunguliwa. Kwa kuchanganya nyimbo nimetumia njia ya Fisher na Yates: orodha inachanganywa mara moja kisha inafuatwa hadi mwisho, kwa hiyo hakuna wimbo unaorudi kabla wengine hawajapata zamu.

Siku ya 13

Kiwango cha sauti. Kitufe changu cha kuongeza kilihesabu 0 hadi 100 na kuzidisha sampuli kwa namba hiyo. Chini kabisa, kutoka 1 kwenda 2, sauti iliruka. Huko juu, kutoka 90 hadi 100, sikusikia tofauti yoyote ya maana. Sikio halihesabu kwa kujumlisha, linahesabu kwa uwiano. Nimeandika jedwali la ngazi 30, kila moja desibeli 2, na sasa kila mbonyezo una uzito uleule, uwe chini au juu.

Ukipunguza sauti kwa kuzidisha sampuli za biti 16, biti za chini zinakatwa na sauti ndogo inakuwa na ukwaruzo. PCM5102A inapokea hadi biti 32, kwa hiyo nazidisha ndani ya biti 32 na kutuma zote. Mapigo ya I2S yamepanda hadi MHz 2.8224, na ukwaruzo umeondoka kwenye mwisho wa nyimbo tulivu, pale ambapo kinanda kinafifia. Hapo ndipo nilipokuwa naumia zaidi.

Neno kuhusu masikio. PCM5102A hutoa hadi volti 2.1 na imekusudiwa ingizo la redio au kikuza sauti, si kuendesha hedifoni moja kwa moja, ndiyo maana nina kikuza sauti cha katikati. Volti hizo zikifika zote kwenye hedifoni za ohmu 32 ni miliwati 138, na kwa hedifoni nyingi za masikioni miliwati moja tu tayari ni kelele. Programu inaanza kila mara kwenye ngazi ya 10, hata kama jana nilifunga nikiwa kwenye 25. Hilo sitalibadilisha kwa sababu yoyote.

Siku ya 15

Betri. Bodi yangu inatumia AMS1117 kushusha umeme hadi volti 3.3, nayo inataka kama volti moja ya ziada juu ya inachotoa. Betri ya lithiamu iliyojaa ni 4.2, na muda mwingi hukaa karibu na 3.7. Matokeo: kifaa kilijizima na kujiwasha kila kadi ilipovuta umeme. Nimeiondoa, nikaweka ME6211 inayoridhika na ziada ndogo sana.

TP4056 ilikuja imepangwa kuchaji kwa ampea 1, kasi ambayo kwa betri hii ni kubwa kuliko ninavyopenda. Rezista ya kilohmu 1.2 imetoka, imeingia ya 2.4, sasa ni takriban miliampea 500. Haina haraka, na haipati joto mkononi.

Redio za ESP32 zimezimwa kabisa, na kasi nimeishusha hadi MHz 160, ambayo bado inamtosha Helix. Mita inasoma miliampea 61 muziki ukicheza, kutoka 78. Programu hujifunga yenyewe betri ikifika volti 3.4.

Siku ya 18

Kelele. Nyimbo zikiwa kimya nasikia "trr" nyembamba kila kadi inaposomwa. Kadi huvuta umeme kwa mikupuo, na waya wake wa graundi ulikuwa uleule wa chipu ya sauti, kwa hiyo kila mkupuo uliitikisa graundi ya sauti. Nimeipa PCM5102A kidhibiti volti chake peke yake, graundi yake inarudi hadi kwenye betri kwa waya wake, na kapasita ya mikrofaradi 100 imekaa kando ya kadi. "Trr" imekwisha. Mlipuko wa kuwasha nao umekwisha: pini ya XSMT, ya kunyamazisha chipu, inashikiliwa chini mpaka I2S iwe imeanza kutembea, ndipo inaachiliwa.

Siku ya 21

Nimehamisha kila kitu kutoka bredibodi kwenda bodi ya matundu, nikalehemu. Nyaya za kadi sasa ni fupi kama kidole gumba na MHz 20 zinapita bila kosa. Kasha ni la plastiki, vitufe vitatu upande mmoja na viwili vya sauti juu. Kitufe cha kusimamisha nimekiinua kidogo kuliko vingine ili kidole kikitambue bila macho.

Jaribio la betri, kutoka chaji kamili hadi kujifunga: saa 14 na dakika 10.

Siku ya 24

Kilichobaki kilikuwa pengo. Nina rekodi ya jukwaani ambamo wimbo mmoja unaingia kwenye mwingine huku watu wakipiga makofi, na katikati ya makofi kulikuwa na shimo dogo la ukimya. Kwa msikilizaji mwingine ni kitu kidogo. Mimi nilishaanza kulisubiri shimo lile badala ya kusikiliza makofi.

MP3 huongeza ukimya mwanzoni na mwishoni. LAME, programu inayotengeneza faili za MP3, huweka sampuli 576 mbele, kisimbuzi kinaongeza 529 zake: jumla 1,105, milisekunde 25. Mwishoni fremu ya mwisho hujazwa sifuri hadi ifike sampuli 1,152. Bahati nzuri LAME huandika hesabu hizo ndani ya fremu ya kwanza, katika baiti tatu: biti 12 za mwanzo kwa zilizotangulia, biti 12 kwa zilizojazwa mwishoni. Nimezisoma, nimekata kila upande kwa hesabu yake, na faili inayofuata inafunguliwa wakati ya sasa bado ina sekunde mbili.

Nimevaa hedifoni na kurudi dakika moja kabla ya mwisho wa wimbo wa tatu. Makofi yakaanza, yakapanda, mtu mmoja akapiga mluzi upande wa kushoto, na namba kwenye kioo ikageuka kutoka 3 kuwa 4 mluzi ukiwa bado unaendelea.